Njoo Kesho: mwongozo wa fundi cherehani kwa anayetafuta kusudi la Mungu

Kila Januari, maombi ya kufunga ya mwanzo wa mwaka yakiisha kanisani, hunijia wageni wawili watatu ambao hawana nguo ya kushona. Huvuta kigoda, wakashikashika vitambaa, wakauliza bei ya sare wasiyoitaka, ndipo neno lenyewe litoke: "Mama, mtu hujuaje kusudi la Mungu maishani mwake?"

Mimi si mchungaji. Ni fundi cherehani hapa Malindi, mwaka wa kumi na tisa huu nakanyaga mashine kwenye baraza ile ile, na Jumapili nafundisha darasa la ubatizo. Nadhani ni hilo darasa linalowafanya watu wafikiri jibu liko mfukoni mwangu pamoja na chaki. Haliko. Nilicho nacho ni utaratibu ambao nimeufuata, nikauacha, nikaurudia, nikawapa na wengine. Nimechoka kuusimulia mguu ukiwa kwenye kanyagio, kwa hiyo nimeuandika.

Kwanza tuondoe picha moja. Wengi wanaouliza wameona jukwaa tayari: kipaza sauti, safari za Nairobi, bango lenye sura yao limefungwa kwenye nguzo ya stima. Dada anayekaanga viazi karai stendi anajiona bado hajaanza kuishi, anangoja aitwe. Lakini Paulo aliwaandikia Waefeso kwamba Mungu aliyatengeneza matendo mema tokea awali "ili tuenende nayo". Kuenenda ni kutembea tu. Matendo hayo yamewekwa kwenye njia unayopita kila siku. Hakuna aliyeambiwa apande basi kuyafuata.

Utahitaji daftari dogo, kalamu, na miezi mitatu. Simu haifai kwa kazi hii. Nilijaribu, nikawa naifungua niandike neno moja, nusu saa baadaye natazama harusi ya watu nisiowajua.

Hatua ya 1: Andika siku saba kama zilivyo

Wiki hii usiombe ufunuo. Omba ulivyozoea, na kila usiku kabla ya kulala chora safu tatu. Ya kwanza: nimefanya nini. Ya pili: nimekutana na nani. Ya tatu: nani angekwama leo kama nisingekuwepo.

Safu ya tatu ndiyo inayowasumbua watu. Kijana mmoja wa tuktuk, anayebeba abiria kati ya mjini na Barani, aliniletea daftari limeandikwa "kazi tu" mara saba, na safu ya tatu tupu. Nikamrudisha. Wiki ya pili akaja na kurasa mbili. Jumatatu saa nane usiku alimpeleka mama mjamzito hospitalini, nauli mwisho wa mwezi. Ijumaa alimtoa mzee asiyeona msikitini akamfikisha kwake, kama kila Ijumaa, kwa nusu ya bei. Siku nyingine alimwona mtoto wa jirani anazurura saa za shule, akampandisha, akamrudisha kwa mwalimu. "Mama, mbona haya yote sikuyaona?" Nikamwambia macho yake yalikuwa kwenye geji ya mafuta. Si kosa lake, mafuta yalikuwa yamepanda.

Usipambe. Kama siku nzima umekaa kijiweni unabishana kuhusu mpira, andika hivyo hivyo.

Hatua ya 2: Jiulize swali la watoza ushuru

Hapa nitakaa, maana ndipo mimi nilipoanguka.

Luka sura ya 3 inasimulia watu walioteremka Yordani kumsikiliza Yohana Mbatizaji, wakamuuliza, tufanye nini basi? Yohana mwenyewe aliishi jangwani, akila nzige na asali. Ungetarajia awaambie, tupeni vyote mje huku. Hakusema. Mwenye kanzu mbili alimwambia ampe asiye nayo (sisi mafundi tunaipenda sana aya hiyo). Watoza ushuru aliwaambia wasitoze zaidi ya walivyoamriwa. Askari wasimnyang'anye mtu, watosheke na mshahara wao. Kila mmoja alirudishwa kwenye kazi yake, ameonyeshwa mahali pamoja ambapo kazi hiyo huoza.

Kila kazi ina pale pake. Ya mama karanga, muuza samaki wa kukaanga, ni samaki wa jana anayerudishwa kwenye karai, akapakwa manjano na pilipili mpaka hata paka adanganyike. Ya anayewauzia watalii vinyago ufuoni ni ule mti wa kawaida uliopakwa rangi ya viatu, akamwambia Mtaliano, kwa Kiitaliano safi kabisa, kwamba ni mpingo. Karani ana faili "lililopotea" ambalo huonekana chai ikishanywewa. Dereva ana bei ya mvua. Mwenye kuajiri msichana wa kazi ana mshahara unaotoka tarehe ishirini badala ya mwisho wa mwezi, na bado anamwita binti yangu.

Yetu sisi mafundi ni maneno mawili: njoo kesho.

Unajua unapoyasema kwamba kesho haitakuwa tayari. Mteja naye anajua. Ni kama salamu. Mwaka mmoja, siku za mwisho za Ramadhani, jirani yangu wa Kiislamu aliniletea kitambaa cha bintiye, nguo ya Idi. Nilikuwa nimepokea kazi kuliko mikono yangu, kwa kuwa sikutaka kumwona mteja anavuka barabara kwenda kwa fundi mwingine. Nikamwambia njoo kesho. Akaja. Njoo kesho. Alikuja mara sita, na funga yake, na jua lile. Usiku wa kuandama mwezi nikampa nguo pindo halijashonwa, nimelishikiza kwa pini, nikijiambia mtoto hatajua.

Siku ya pili ya Idi jirani alikuja na sahani ya biriani, imefunikwa kawa. Akaiweka mezani. Kisha akafungua kikaratasi kidogo. "Jirani, pini yako hii. Ilimchoma akisali."

Hakuongeza neno. Nilikula ile biriani nalia, na niseme ukweli, ilikuwa tamu.

Tangu hapo ninaandika kwenye daftari tarehe ambayo kazi itakwisha kweli, siyo ile ambayo mteja angependa kuisikia. Ikijaa wiki nasema siwezi, nenda kwa fundi yule wa kona, mkono wake mzuri. Mwaka wa kwanza nilipoteza wateja, na wengine hawajarudi hadi leo. Baada ya hapo nikagundua kidonda cha pili: mabaki. Mtu ameleta mita tatu, nguo imekula mbili na nusu, ile nusu huwa inalala wapi? Mithali inasema mizani ya hadaa ni chukizo kwa Bwana, na futi yangu ya shingoni ni mizani. Sasa mabaki nayakunja ndani ya mfuko pamoja na nguo. Wateja hushangaa, wengine hunirudishia. Hapo ni yangu kwa haki.

Basi andika kwenye ukurasa wa kati wa daftari: kazi yangu huoza wapi? Sentensi moja. Halafu kwa mwezi mzima shughulika na hiyo moja tu. Usianze kutafuta huduma huku pindo za watu zimeshikwa kwa pini.

Hatua ya 3: Tazama kilicho mkononi, kisha waulize watatu

Musa alipokuwa akitoa visababu kwenye kijiti kinachowaka, Mungu alimuuliza ana nini mkononi. Ilikuwa fimbo ya kuchungia, ambayo alikuwa nayo siku zote.

Tatizo ni kwamba fimbo ya mtu mwenyewe haionekani kirahisi, imezoeleka mno. Kwa hiyo uliza. Chagua watu watatu: mmoja unaishi naye, mmoja mnafanya naye kazi au anakulipa, na wa tatu asiwe wa kanisa lako, ikiwezekana asiwe wa dini yako. Malindi hilo si gumu. Usiwaulize wananionaje, watakusifu au watapata nafasi ya kulipiza. Uliza hivi: "Ni jambo gani likikupata, unanijia mimi kwanza?"

Mume wangu alisema, hesabu za matanga. Pesa za mchango zikiwa mkononi mwangu, watu wa pande zote mbili hulala. Sikuwahi kuliona hilo kuwa karama, niliona ni kero. Muuza vitambaa alisema kitu kuhusu rangi, nikakisahau. Ila mzee mwenye duka ng'ambo ya barabara, ambaye tumesalimiana kila asubuhi miaka yote hiyo, aliwaza kidogo akasema, "Mtoto akipotea sokoni, wanamleta kwako."

"Kwa nini kwangu, mzee?"

"Wewe huondoki."

Nilikuwa nikiomba miaka Mungu anitume mahali. Kumbe watoto waliopotea wananihesabu mimi kama mnara.

Andika majibu yote matatu, hata yale yaliyokuudhi. Usiyafanyie kazi bado.

Hatua ya 4: Pima kila neno utakaloletewa

Ukishaanza kuuliza, habari husambaa, na wenye "neno kutoka kwa Bwana" juu yako hawakawii. Na mimi ninaandika nikiwa Malindi.

Aprili 2023 makaburi yalianza kufukuliwa katika msitu wa Shakahola, upande wa bara wa mji huu. Miili iliyotolewa ilipita 400, watoto wakiwa wengi. Mhubiri wao alikuwa amewaambia wafunge mpaka kufa ili wamwone Yesu. Hakuna aliyeanza kwa njaa. Walianza kwa mambo madogo: shule ni ya dunia, mtoto abaki nyumbani, hospitali ni ya dunia, mgonjwa aombewe, kazi iachwe, mali iuzwe, tuhamie mahali tutakapokuwa sisi kwa sisi. Majuma yale ukipita hospitali ya hapa unawakuta watu waliotoka kaunti za mbali wamekaa nje, wanangoja kutolewa sampuli ili wajue kama ndugu yao ni mmoja wa waliopatikana. Jumapili ile sikuweza kufundisha. Tulisoma zaburi moja na darasa langu tukaenda nyumbani.

Wale watu walikuwa na swali lile lile la kigoda changu. Walitaka kumpa Mungu maisha yao yote. Ndiyo maana siwezi kuandika mwongozo wa kusudi nikaruka hatua hii.

Neno likikujia, kutoka kwa mtu, kwa ndoto au kwa moyo wako mwenyewe, liulize haya. Linanitenga na watu wanaonijua? Linaniambia niache kumlisha, kumsomesha au kumtibu mtu ambaye ni wajibu wangu? Paulo alimwandikia Timotheo kwamba asiyewatunza walio wake ameikana imani, ni mbaya kuliko asiyeamini. Linadai pesa leo, kabla sijalala nikaamka? Na je, nikiuliza swali, anayelileta anakasirika? Watu wa Beroya walimpima Paulo mwenyewe kwa Maandiko kila siku, na Biblia inawaita waungwana kwa hilo.

Jibu la ndiyo likiwa moja, liweke kando umweleze mtu mzima unayemwamini, nje ya kundi hilo. Yakiwa mawili, ondoka. Ukiona kuna watoto ndani yake, nenda kwa chifu siku hiyo hiyo, usingoje ibada iishe.

Na kuhusu kufunga, kwa kuwa wengi hunijia Januari: funga yenye afya ina saa ya kufungua, na nyumbani kuna mtu anayeijua saa hiyo. Mtoto, mjamzito, mama anyonyeshaye na mwenye sukari hawafungi. Atakayekuambia imani yao ni ndogo, mwambie nimesema mimi fundi, aje kunigombeza barazani.

Hatua ya 5: Chagua jambo moja dogo, lipe siku, saa na jina

Sasa fungua safu yako ya tatu na majibu ya wale watatu, uyaweke pamoja. Mahali yanapogusana, hapo ndipo.

Mfano wangu ni Dorkasi. Aliishi Yafa, mji wa bandari kama wetu, na alipokufa, wajane walimzunguka Petro wakilia, wakimwonyesha kanzu na nguo alizowashonea. Kila ninapoisoma Matendo sura ya 9 nawaona wameshika upindo, wanaugeuza Petro auone mshono. Hakuna aliyetaja chama wala katibu.

Ninasema hivyo kwa uchungu, kwa sababu mimi nilianza na chama na katibu. Baada ya ile biriani nilipata ari, nikakusanya akina mama kumi na wawili, tukachagua viongozi, tukashona sare zetu wenyewe (nzuri, samawati, zina mstari mweupe), tukafungua akaunti. Mwezi wa pili tulikuwa tunagombania nani atie sahihi. Wa tatu, hatukukutana. Hakuna mtoto hata mmoja aliyekuwa amepata kaptula.

Nikaanza upya na Alhamisi. Saa kumi jioni hadi saa kumi na moja, natengeneza sare za shule zilizochanika: zipu, mifuko, makalio ya kaptula. Bure kwa asiye na chochote. Mwenye chochote analeta uzi. Mteja wa kwanza alikuwa mtoto wa kike wa darasa la pili aliyekuwa akiketi nyuma ili sketi yake isionekane. Nilijua jina lake na la bibi yake. Hiyo ndiyo kanuni ninayowapa wote: anza na mtu ambaye jina lake unalijua. "Maskini" hana jina. "Vijana" hawana jina.

Kabla hujaanza, pima kwa maswali mawili. Naweza kulifanya hata wiki ambayo sina pesa? Naweza kulifanya miezi mitatu bila mtu yeyote kunisifu? Kama la, lipunguze. Kijana wa tuktuk alitaka kubeba wagonjwa wote bure. Tulilipunguza, tukalipunguza tena, mpaka likawa yule mzee asiyeona, kila Ijumaa, bila hata ile nusu ya nauli. Mwaka umepita na bado anambeba.

Darasa langu nikilifikisha hapa hulipeleka kwenye kile kikanisa cha Wareno kilicho karibu na bahari, chenye paa la makuti na makaburi pembeni. Francis Xavier, mmishenari Mkatoliki, alipita Malindi mwaka 1542, njiani kwenda Goa, ambako ndiko alikotumwa na ndiko jina lake lilikokua. Hapa chombo kilitua siku chache tu. Mtu mmoja wa chomboni alikuwa amekufa, wakamzika, na Xavier akapata muda wa kuzungumza na Waislamu wa mji kuhusu sala. Basi. Huwaambia vijana wakae kivulini dakika kumi wafikirie mtu mwenye safari kubwa hivyo anayesimama kumzika mtu mmoja wa chomboni. Wengi hufikiria madafu yanayouzwa nje, lakini mmoja wawili hunijia baadaye na swali.

Hatua ya 6: Panga kwa misimu

Mvuvi hashindani na upepo wa kusi. Kuanzia Aprili bahari ikichafuka na mto Sabaki ukimwaga udongo mwekundu mpaka maji ya ufuoni yawe kama chai ya maziwa, vyombo vidogo havifiki mbali, naye hukaa akashona nyavu. Hoteli nazo hufunga au hupunguza watu miezi hiyo, na mji wote huhema polepole hadi watalii warudi.

Kwa nini nayataja? Kwa sababu mtu huanza jambo lake jema Desemba, mifuko imejaa, na Mei linakufa, anadhani Mungu amemwacha. Gawa mwaka. Msimu wa pesa, weka akiba ya hilo jambo kama unavyoweka karo. Msimu mkavu, toa muda. Namjua mpishi wa hoteli ambaye kila Aprili akipewa likizo isiyo na mshahara huwaita vijana wanne wa mtaani kwake, akawafundisha kutengeneza unga wa pasta kwa mkono na kumkata samaki bila kumharibu, ili hoteli zikifunguliwa wawe na cha kuonyesha. Yeye husema ameajiriwa mara mbili kwa mwaka, na huyu mwajiri wa pili ndiye asiyemchelewesha.

Na kuna misimu mirefu zaidi ya hiyo. Rabai, humu humu Kilifi, Johannes Rebmann, mmishenari wa Kijerumani, alifika mwaka 1846 kumfuata mmishenari mwenzake Krapf, aliyekuwa amemzika mkewe Rosine Mombasa miaka miwili nyuma. Tunamkumbuka Rebmann kwa Mei 1848, alipouona Kilimanjaro una theluji na wasomi wa Ulaya wakamcheka. Lakini aliondoka pwani mwaka 1875, akiwa kipofu. Ondoa ile safari, inabaki miaka karibu thelathini ya kuandika maneno ya lugha za watu, moja moja, na waumini wa kuhesabika kwa vidole. Sijui kama ningeweza. Mimi nililia kwa miezi mitatu ya chama kufa.

Hatua ya 7: Nyamaza, na pumzika

Hilo jambo lako usilipige picha. Usilisimulie kanisani kabla ya miezi mitatu. Na siku moja ya juma funika mashine, zima tuktuk, weka karai chini. Mimi yangu ni Jumapili baada ya ibada. Sishoni hata kifungo, wala cha mchungaji.

Wanayoniuliza baadaye

"Sina kazi kabisa." Safu ya tatu bado unayo. Asiye na ajira ana kitu ambacho sisi wengine hatuna: asubuhi. Kuna mtu mtaani kwako anayehitaji kusindikizwa kliniki, na watoto wake wote wako kazini.

"Mwajiri ananiamuru nidanganye." Kama watoto wanakula kutoka hapo, usiache kazi leo kwa hasira halafu ukaiita imani. Danieli alipowekewa chakula asichoweza kukila alizungumza na msimamizi kwa adabu, akaomba wajaribiwe siku kumi. Omba siku zako kumi. Sema, "Mzee, niruhusu nimwambie mteja ukweli juma hili, tuone mauzo." Wakati huo huo tafuta pengine. Wapo walioruhusiwa. Wapo waliofukuzwa, sitakuficha, na mmoja nilimshonea aproni alipoanza kuuza mahamri na mbaazi.

"Mume wangu hataki nitoe hata shilingi." Toa kilicho chako bila ugomvi: saa moja, mkono, sikio. Usimwibie mume ili umpe Mungu.

"Mimi ni mgonjwa, sitoki kitandani." Hili nililijibu vibaya mara ya kwanza. Nilimwambia bibi mmoja wa Muyeye kwamba kazi yake sasa ni kuomba tu, kwa ile sauti tunayotumia kwa wagonjwa. Akanitazama. Miguu ilikuwa imekufa na macho yanakwisha, lakini masikio yalikuwa mazima. Wiki iliyofuata akaanza kumwita kila mtoto anayepita dirishani akitoka shule: "Mjukuu wangu, hebu njoo unisomee, mimi sioni." Biblia iko pale juu ya mto. Mtoto akikosea neno, humrekebisha, maana sura nyingi anazijua kwa moyo. Sasa wako saba, wawili ni Waislamu, na mama zao wanajua na wameridhia kwa kuwa ni habari za Yusufu, wanazozijua pia. Mwalimu wa darasa la tatu alikuja kuniuliza nani anawafundisha wale watoto kusoma, maana wamewaacha wenzao nyuma.

Nilipomwambia bibi kwamba hiyo ni huduma, alikataa katakata. Alisema yeye anataka tu kusikia tena yule kijana anatokaje kisimani, na huyu mtoto wa leo anasoma polepole mno.